Kuku wamehamia kwenye masanduku aliyonijengea baba mkwe

Hujambo mshauri,

Niwie radhi kwa kukuletea habari za kuku katika safu ambayo wenzangu huleta habari za ndoa. Ukifika mwisho wa barua utaona kwamba ndoa nayo imo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Vihiga, si mbali na Chavakali. Nimeolewa miaka kumi na moja. Mume wangu anafanya kazi Nairobi na huja mwisho wa mwezi akipata ruhusa na nauli. Boma letu ni moja na la baba yake: nyumba ya mzee iko juu karibu na jiwe kubwa, yetu iko chini kando ya migomba, na katikati ni kama hatua hamsini. Mama mkwe alitutoka mwaka juzi. Baba amekuwa seremala maisha yake yote, na ukiingia shule za hapa karibu utakalia dawati lake. Lakini tangu tumzike mama hakushika nyundo. Alikuwa anakaa mlangoni kwenye kiti chake, redio ikijiongelesha.

Mwezi wa pili nilinunua kuku wachanga ishirini na watatu wa kienyeji walioboreshwa, na jogoo mmoja, kwa pesa za chama. Walikuwa na miezi minne. Nia yangu ilikuwa kumwita kijana mmoja wa steji anijengee banda. Kabla sijampigia simu, asubuhi moja nikasikia msumeno. Kutoka nje, nikamwona Baba amevaa koti lake la kazi, ametoa mbao za saiprasi alizokuwa amezihifadhi darini miaka na miaka, anapima. Hakuniuliza kitu, nami sikumuuliza. Huku kwetu mkaza mwana na baba mkwe hawakai wakapiga gumzo. Mimi hata mkono simpi. Namwamkia nikiwa nimesimama mbali kidogo. Chakula humpelekea mwanangu wa kwanza, ana miaka tisa, na ndiye rafiki mkubwa wa Guga wake, yaani babu yake.

Alijenga kwa siku kumi na mbili. Macho yake yameanza ukungu, kwa hiyo kila ubao alikuwa anaupapasa kwa kidole gumba kabla ya kuupigilia. Banda ni zuri, mshauri, watu wanapita wanasimama. Kuna masanduku sita ya kutagia yaliyopangwa ukutani kama kabati la jikoni, kila moja lina kizingiti mbele ili yai lisibingirike. Yako usawa wa kifua changu. Siku aliyomaliza alisimama mlangoni akamwambia mwanangu, lakini kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie mama yako hatainama." Basi, akaenda zake. Kwa kulalia aliwawekea kuku fito mbili za mkaratusi usawa wa magoti, kila moja mita mbili, maganda yake yakiwa bado ili washike vizuri.

Kuku walipoanza kutaga nilifurahi wiki mbili tu. Sasa usiku nikimulika na tochi ya simu nakuta saba, siku nyingine tisa, wamejibana ndani ya masanduku wawili wawili, mikia nje. Asubuhi yale maranda ni kinyesi kitupu. Napata mayai kumi na tatu hivi kwa siku, na karibu nusu yana madoa. Nimekuwa nikiyaosha kwa maji ya mtungi na kuyapanga kwenye trei. Kuna mama mwenye hoteli karibu na steji ambaye huchukua trei mbili kila wiki. Majuzi alinirudishia mayai kumi na moja yaliyofungwa kwa gazeti. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Mama, mimi huyauza yakiwa ya kuchemsha. Mteja analiona ganda kabla hajaliona yai."

Jirani yangu ananishauri nimchinje yule mwekundu, maana ndiye huingia sandukuni wa kwanza na wengine humfuata. Eti nikimpika Jumapili, wenzake watashika adabu.

Juma lililopita nilichoka. Jioni nilichukua gunia nikalipigilia mbele ya masanduku yote kwa misumari ya inchi nne, ndiyo niliyoikuta. Asubuhi Baba alikuja bandani kama kawaida yake, maana tangu alijenge huja kila siku saa moja kuwatazama kuku. Mimi nilikuwa kwenye migomba, hakuniona. Alisimama akalitazama lile gunia kwa muda mrefu. Kisha akachomoa msumari mmoja, akauweka juu ya jiwe, akaunyoosha kwa nyundo taratibu, akautia mfukoni mwa koti. Akarudi nyumbani kwake. Hajarudi bandani hadi leo, siku ya sita.

Nilimpigia mume wangu. Akasema, "Achana na hayo masanduku. Usinivunjie mzee kwa sababu ya mayai." Nikamwambia mayai hayo ndiyo yanalipa sehemu ya karo ya wanawe. Akakata simu, akasema ni mtandao.

Gunia nimeliondoa. Kuku wamerudi kulala kwenye masanduku. Nifanye nini? Nikiyang'oa nimemtukana mzee aliyefufuka kwa ajili ya banda hili. Nikiyaacha, nitampoteza mteja.

Mkaza mwana, Vihiga

MSHAURI ANAJIBU

Mpendwa mkaza mwana,

Usiombe radhi. Barua za kuku ni nadra hapa, na barua inayoandika vipimo ni nadra zaidi. Yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi.

Una banda lililojengwa na mtu ambaye mila haikuruhusu kumsahihisha. Una kuku wanaolala mahali pa kutagia, mteja ambaye bado ana adabu lakini huenda asikusubiri, mume anayetoa uamuzi kwa simu, na mzee aliyeacha kuja asubuhi. Unaniuliza ufanye nini na masanduku. Nadhani unaniuliza pia kama kuyagusa masanduku ni kumgusa yeye. Hilo sitajifanya nalijua. Ruhusu nianze na kuku, maana hao ndio rahisi.

Kuku wako hawana tabia mbaya. Kuku wote tunaowafuga asili yao ni kuku-mwitu wa misitu ya kusini mashariki mwa Asia, na hao mpaka leo hulala juu ya miti. Giza likikaribia kuku hutafuta mahali pa juu kuliko pote alipo, na bandani kwako mahali hapo ni sandukuni. Fito ziko magotini, masanduku yako kifuani. Yule mwekundu hajawaongoza wenzake kwenye uasi, ila aliona mapema tu. Ukimchinja utakula vizuri Jumapili, na Jumatatu mwingine atatangulia.

Lakini kimo si maelezo yote, na hapa penseli yangu ilisimama. Fito mbili za mita mbili ni mita nne. Kuku mmoja wa kienyeji aliyeboreshwa akitua kulala anahitaji sentimita 20 kwa uchache, na 25 akiwa mnene. Una ndege ishirini na wanne. Kwa hesabu ya 20 tu hao wanataka mita 4 na sentimita 80, kwa hiyo wanne hawana pa kukaa hata kama masanduku yangekuwa chini kabisa. Na wanaokosa nafasi hawakosi kwa bahati. Miaka ya 1920 msomi mmoja wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alikuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, alieleza kwa maandishi jambo ambalo bibi zetu walilijua kwa macho: kila kundi la kuku lina mpangilio wa nani anamdonoa nani, na mnyonge hupisha chakulani, majini na kwenye ufito. Umeandika kwamba mikia iko nje. Mimi nikisikia hivyo huwaza kuku anayejificha, kichwa ndani. Lakini sijasimama bandani kwako, na anayetafuta starehe naye hujibana vivyo hivyo. Ungewajua kwa majina, au kwa rangi, ungeniambia: je, hao saba ni wababe au ni wanyonge? Dawa ya hawa si dawa ya wale.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja na ambalo ningelitafuta kabla ya mtu yeyote kushika nyundo: utitiri. Hawa ni wadudu wadogo kuliko punje ya wimbi, wa kijivu wakiwa na njaa na wekundu wakishashiba damu. Mchana hawako juu ya kuku, ndiyo maana wafugaji wengi huapa hawana. Hujificha kwenye nyufa na chini ya maganda ya mti, kisha usiku hutoka kumnyonya kuku akiwa amelala. Ufito wa mkaratusi wenye maganda ni nyumba ya kulala wageni kwao. Kuku aliyeumwa siku tatu mfululizo huhama ufito, nawe ukadhani ni ukaidi. Kuwapima ni rahisi. Giza likiingia kabisa, baada ya saa mbili hivi, pitisha kitambaa cheupe chini ya ufito ukikaza mkono. Kikitoka na michirizi myekundu, umepata wezi wako. Hapo maganda yatamenywa, fito zitamwagiwa maji yanayochemka, ncha zake zitapakwa mafuta ya taa, kuta zipigwe chokaa, na kazi hiyo irudiwe baada ya juma moja, kwa sababu mayai ya utitiri huanguliwa upesi kwenye joto. Kuku nao wapate shimo la majivu makavu la kujigaragaza.

Ukienda kununua dawa kwenye agroveti, sema wazi kwamba ni ya kuku wanaotaga na uulize mayai yasiliwe kwa siku ngapi. Usikubali dawa ya mbwa au ya ng'ombe eti wadudu ni walewale. Mwaka wa 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani huko Ulaya, Uholanzi na Ubelgiji zikiwa mstari wa mbele, kwa sababu fipronil, dawa isiyoruhusiwa kwa kuku wa chakula, ilikuwa imetumika mabandani kuua utitiri huohuo. Wale walikuwa wafugaji wakubwa wenye wataalamu wao.

Mwangalie pia kila mmoja wa hao tisa mchana. Ukikuta mmoja haondoki sandukuni hata ukimwaga mahindi, anajitutumua manyoya na kunguruma ukimkaribia, huyo hakulala, anaatamia. Baadhi ya kienyeji hawajasahau kazi hiyo. Mhamishie kwenye kikapu chake pembeni, umpe mayai ukitaka vifaranga, siku ishirini na moja zitajibu.

Kuhusu mayai ya mama wa hoteli, hilo halingoji. Acha kuyaosha kwa maji baridi. Ganda lina vitundu maelfu visivyoonekana, na juu yake kuna utando unaovilinda. Maji yanauondoa ule utando, na yakiwa baridi kuliko yai, kilichomo ndani husinyaa na kuvuta uchafu uingie. Marekani huyaosha mayai yao kiwandani kwa maji ya moto na kuyaweka kwenye baridi hadi yanunuliwe. Ulaya mayai ya daraja la juu kwa kawaida hayaoshwi. Wewe huna kiwanda wala friji ya trei tatu, kwa hiyo futa kwa kitambaa kikavu, na doa lililoganda lisugue kidogo kwa msasa laini. Sidhani utakosa msasa katika boma la seremala. Yaliyochafuka sana yapikeni nyumbani yakaive. Na kila alfajiri, kabla hawajaanza kutaga, toa maranda yaliyochafuka uweke makavu. Mayai mengi hutagwa kati ya mapambazuko na adhuhuri, kwa hiyo ukiwahi hiyo alfajiri umeokoa sehemu kubwa ya siku.

Sasa Baba.

Umeandika barua nzima kana kwamba mzee alikosea kimo cha masanduku. Nirudishe kwenye sentensi yako mwenyewe, ambayo uliipita mbio: "Mwambie mama yako hatainama." Huyu ni fundi aliyepima madawati ya watoto maisha yake yote, anajua kimo cha goti la mtoto wa darasa la kwanza. Sidhani masanduku yalifika kifuani kwa bahati mbaya. Alimpima mtu atakayeokota mayai. Kuku hakuwapima, au aliwapima wa pili. Sijui kama amewahi kukuona ukishika kiuno ukitoka kisimani, au kama alikuwa akimkumbuka marehemu na mgongo wake. Wewe unajua. Ninachosema ni kwamba unapoogopa kumwambia "ulikosea", huenda hilo si neno lenyewe la kusema hata kidogo.

Na ule msumari. Wewe umeusoma kama hasira, na inawezekana ni hasira. Lakini hebu usome tena kama seremala. Mtu amepiga misumari ya inchi nne kwenye ubao mwembamba wa saiprasi kushikilia gunia. Fundi yeyote angeona ubao umepasuka kabla hajaliona gunia. Au aliona kwamba kazi yake ina kasoro ambayo hakuna aliyemwambia, hata mtoto, na akaona haya. Au macho yake yamezidi ukungu na juma hili ameanza kuogopa kile kinjia cha mawe. Au ni mafua tu. Siku sita ni nyingi kwa mzee anayeishi peke yake, na kabla ya kutafsiri kimya chake ningependa kujua kama anakula. Mwanao huleta sahani zikiwa tupu?

Mumeo naye nisingemwita mkaidi mapema. Yeye alimwacha babake kwenye kile kiti cha mlangoni, akarudi akamkuta na randa mkononi. Akisikia neno "kung'oa" anasikia kiti kinarudi. Lakini amekuwa akijibu swali ambalo labda hukumuuliza. Ulimwomba ruhusa ya masanduku. Je, ungemwambia tu kwamba babake hajashuka bandani siku sita, angekata simu?

Njia zilizo mbele yako nitakutajia jinsi ninavyoziona, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuyaacha masanduku yalivyo na kuinua fito zipite juu yake. Hakuna ubao wa mzee utakaoguswa. Ila sehemu ya juu ya sanduku lako inafika kama mita moja na nusu, na kuku wa kilo mbili na zaidi akiruka kutoka hapo kila alfajiri ndani ya banda dogo anaumia: unyayo hupasuka, ukavimba, ukatunga usaha. Utahitaji ngazi ya vijiti wapande na kushuka taratibu, na fito ziwe kwenye ukuta wa pili, la sivyo kinyesi kitadondokea palepale unapopaepusha. Pia wataanza kukalia juu ya kabati lenyewe mpaka mtu aweke bati la mwinamo mkali, wateleze.

Unaweza kuyashusha masanduku yafike chini ya kiuno na kuinua fito kidogo zipite hapo, tuseme sentimita 90. Kwa miguu ya kuku hiyo ni salama zaidi. Kwa mgongo wako si sana, na utakuwa umelifuta lile neno moja alilokuambia.

Unaweza kulirudisha gunia, lakini likiwa pazia la kuning'inia kwenye uzi badala ya misumari. Lishushe saa kumi na moja jioni, baada ya kuokota mayai, na ulipandishe saa mbili usiku wakiwa wamelala, ili anayetaga alfajiri akute mlango wazi. Siku kumi hadi kumi na nne kwa kawaida hutosha kuvunja mazoea. Hatari yake ni wale wanne wasio na nafasi. Ukiwafungia masanduku kabla ya kuongeza ufito watalala chini, wenye baridi watarundikana pembeni, na panya hawako mbali. Waweza pia kuwabeba kwa mkono usiku, mmoja mmoja, kutoka sandukuni hadi kwenye ufito. Gizani kuku haoni vizuri, hutulia mkononi kama mkate. Hili nalo bila ufito wa tatu ni kumhamisha maskini kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine.

Unaweza pia kutofanya lolote zaidi ya kubadilisha maranda kila alfajiri. Usicheke. Ni robo saa ya kazi, wapo wanaofanya hivyo miaka yote, na ikiwa amani ya boma ina thamani hiyo kwako, ni bei unayoweza kulipa. Tatizo ni siku utakazougua, au utakazosafiri.

Umeona kwamba karibu kila njia inadai ufito wa tatu. Mita moja tu ingetosha kwa hesabu, mbili zingewapa raha. Ufito si sanduku, na kuuomba si kukosoa mtu; kuku ni wengi kuliko fito, hiyo ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu. Ungemwomba Baba auweke? Nalitamani hilo, na nalihofia pia. Akikubali, mikono yake imerudi kazini, na huenda akisimama mle ndani jioni akaona mwenyewe yaliyobaki. Lakini ukungu wa macho hauombi ruhusa. Akijaribu akashindwa kupiga msumari mahali pake mbele ya mjukuu, utakuwa umempa kidonda badala ya kazi. Hilo la macho, mwambie mumeo lisingoje mwisho wa mwezi. Ikiwa ni mtoto wa jicho, huwa hutibika kwa upasuaji mfupi, na hospitalini watawaambia.

Nani amfikishie neno? Mila imekuwekea umbali, lakini haikukuacha bila daraja. Kwenu mjukuu humwambia Guga lolote na wakacheka. Ila nitahadharishe kidogo: mtoto akitumwa na maneno ya watu wazima mdomoni, mzee huyatambua, na mtoto naye hujifunza kuwa mjumbe wa ugomvi. Kama marehemu mama ana dada au shemeji aliye karibu ambaye Baba humsikiliza, huyo anaweza kusema yote kwa sentensi moja. Au mumeo, uso kwa uso, mwisho wa mwezi, akiwa ameyaona mayai kumi na moja kwenye gazeti kwa macho yake. Kungoja hadi hapo huenda kukamchosha mama wa hoteli, ndiyo maana nikakupa habari ya msasa na maranda.

Kesho jioni, saa kumi na mbili na robo, kabla hujaamua chochote, pindua ndoo uikalie ndani ya banda. Hapo kwenu jua halichezi, mko karibu na ile alama ya Ikweta ya Maseno na giza huingia karibu saa ileile mwaka mzima, kwa hiyo utakuwa na kama nusu saa ya kuwaona wakichagua pa kulala. Mchukue mwanao na kipande cha mkaa au chaki, aandike ukutani nani alipanda wapi, nani alisukumwa, nani aliingia sandukuni kwa hiari. Baadaye mfanye ile kazi ya kitambaa cheupe. Usimwambie ampelekee Guga habari hizo. Mtoto wa miaka tisa aliyekesha na tochi akitafuta wanyonya damu hahitaji kutumwa na mtu.

Ukishapata idadi, niandikie. Na uniambie kama ule ubao umepasuka kweli.